Kabla Hujawasha Injini, Jiulize

(Mazungumzo ya rubani wa ndege za ndani na vijana wa Mzenga, wilayani Kisarawe. Kabla ya mazungumzo vijana waliandika maswali kwenye vikaratasi bila kutaja majina. Tunayachapa kama alivyoyasema, tukipunguza kidogo tu.)



Asanteni kwa kunialika Mzenga. Mimi hupita juu ya wilaya hii mara nyingi kuliko ninavyopita chini. Ndege inayokuja kutua Dar es Salaam kutokea kusini-magharibi hupita pande hizi za Kisarawe, ikavuka vilima vya Pugu, ndipo ikashuka. Kwa hiyo mkisikia mlio wa pangaboi juu yenu, huenda ni mimi au mwenzangu tuko kazini.

Ninarusha ndege za ndani. Si zile kubwa ziendazo Dubai au India. Yangu ina pangaboi mbili na inachukua abiria kama 70. Leo Mwanza na Bukoba, kesho Dodoma na Kigoma, keshokutwa Mtwara au Songea. Zanzibar ni kama dakika 20 tu hewani. Abiria hajamaliza kusoma gazeti ukurasa wa kwanza, anaambiwa afunge mkanda, tunatua.

Nimesoma vikaratasi vyenu vyote. Vipo vilivyouliza mshahara. Hivyo nimevikunja vizuri nikaviweka mfukoni. Lakini vingi viliuliza mambo mazito: Unalala saa ngapi? Ukiumwa unafanyaje? Mwanamke akiwa kwenye siku zake anarusha ndege? Mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kuwa rubani? Huogopi? Na kimoja kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Dada, sisi hapa hatuna ndege, tuna bodaboda. Maneno yako yatatusaidia nini?"

Naanza na hicho cha kalamu nyekundu. Ndugu yangu, kazi yako na yangu zinafanana kuliko unavyodhani. Wote tunabeba watu wanaotuamini, na hawajui kama tumelala au tumekesha. Wote kuna mtu anasubiri: wewe tajiri wako anasubiri hesabu jioni, mimi kampuni inasubiri ndege iondoke kwa wakati. Na wote wawili, siku tukiwa hatuko sawa, tunaona vigumu kusema. Tofauti ni kwamba mimi nimefundishwa kujikagua mwenyewe kabla ya kukagua chombo. Hilo halihitaji ndege wala pesa, na ndilo ninalotaka kuwaachia leo.

SIKU YA KAZI

Watu wanadhani urubani ni miwani myeusi na shati lenye mistari mabegani. Hebu niwaeleze siku yenyewe.

Ndege ya kwanza inaondoka saa 12 asubuhi. Natakiwa kuwa uwanjani saa 11 alfajiri. Mimi nakaa mbali na uwanja, basi naamka saa 9 usiku. Tukifika, mimi na mwenzangu tunasoma taarifa ya hali ya hewa ya kule tuendako, na ya uwanja mwingine wa akiba. Hatuondoki mpaka tujue tutakwenda wapi kama kule kumefungwa na mawingu. Tunapiga hesabu ya uzito: abiria, mizigo, mafuta. Halafu mmoja wetu anaizunguka ndege kwa miguu. Anaangalia matairi, mapanga, kama kuna kitu kinavuja, na kama ndege wa manyoya hajajenga kiota ndani ya ndege ya chuma. Msicheke, inatokea.

Kisha tunaruka mara nne, pengine mara sita, kwa siku moja. Rubani wa ndege kubwa anaweza kupaa mara moja na kutua mara moja baada ya saa nane. Sisi tunapaa na kutua, tunapaa na kutua, na hapo ndipo kichwa kinapofanya kazi zaidi. Kati ya safari moja na nyingine tuna kama nusu saa. Abiria washuke, wengine wapande, mafuta yajazwe. Ukitaka kula, kula hapo. Ukitaka kwenda msalani, nenda hapo hapo. Mchana wa Tabora jua likipiga kwenye vioo, chumba chetu ni kama tanuri la mkaa, na hewa ya moto inaitikisa ndege kama gari kwenye makorongo.

Halafu kuna jambo la chakula. Mimi na mwenzangu hatuli chakula cha aina moja. Makampuni mengi ya ndege yana kanuni hiyo. Mimi nikila wali na kuku, yeye atakula ndizi na nyama. Kwa nini? Chakula kikiwa kimeharibika, tusianze kuharisha wote wawili tukiwa juu ya Singida. Mtu mzima mwenye leseni anachungwa chakula chake kwa sababu ya tumbo la kuhara. Basi na nyie mnaokula chipsi za kijiweni mikono ina grisi ya mnyororo, jamani, sabuni na maji kwanza.

UCHOVU HAUNA HODI

Sasa tuje kwenye usingizi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha matokeo ya jaribio. Waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu, wakawapima tena wakiwa wamekunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mkono wake na akili yake vinafanya kazi kama vya mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyekesha saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Huyo ni mlevi wa kukamatwa na trafiki.

Tupige hesabu pamoja. Umeamka saa 11 alfajiri kuwahi abiria wa kwanza. Ongeza saa 17. Unapata saa 4 usiku. Hujaonja hata tone, lakini saa 4 usiku unaendesha kama aliyelewa. Na saa hiyo ndipo unapigiwa simu: "Mama mjamzito ameshikwa na uchungu, mpeleke hospitali."

Niwape mfano wa kweli, wa ndege. Tarehe 12 Februari 2009, huko Marekani, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo. Kampuni hiyo ilikuwa ya safari za mikoani, kama kazi yangu. Ndege ilikuwa Q400 ya pangaboi, aina ambayo Air Tanzania nayo inaitumia. Watu wote 49 waliokuwa ndani walikufa, na mtu mmoja aliyekuwa kwenye nyumba iliyoangukiwa. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea. Lakini walieleza pia kwamba marubani wote wawili huenda walikuwa wamechoka. Rubani msaidizi alikuwa dada wa miaka 24. Alisafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili afike kazini, na alikuwa na mafua. Kwenye sauti zilizorekodiwa alisikika akisema kwamba akijitoa sasa kwa sababu ya kuumwa, itabidi ajilipie hoteli mpaka apone.

Mnaona? Alijua kwamba haumwi kidogo. Alichokosa ni mahali pa kusemea bila kupata hasara. Baada ya ajali ile Marekani ilibadili sheria, na tangu Januari 2014 rubani wa abiria anatakiwa apate mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, zikiwemo saa 8 za nafasi ya kulala. Watu 50 walikufa kwanza, ndipo sheria ikaja. Sisi tusingoje sheria.

MASWALI SITA

Marubani duniani hufundishwa kujiuliza maswali sita kabla ya kwenda kazini. Mimi hujiuliza nikiwa napiga mswaki. Yahesabuni kwa vidole: ugonjwa, dawa, mawazo, pombe, uchovu, njaa. Uchovu tumeshauzungumza. Tuyaone mengine.

Ugonjwa. Mtu ataniambia, "Mafua tu, nayo ni ugonjwa?" Kwa rubani ni ugonjwa hasa. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na kimrija kinachokiunganisha na koo. Tukiwa juu, hewa ndani ya ndege huwa nyepesi, kama ya mlimani mita 2,400. Tukishuka, hewa inakuwa nzito tena, na kimrija kinapaswa kuipitisha. Mafua yakikiziba, ngoma ya sikio inasukumwa ndani. Maumivu yake yanaweza kukufanya usisikie hata anachosema mtu wa mnara wa kuongozea ndege, na ngoma inaweza kupasuka. Ndiyo maana siku mkipanda ndege, wakati wa kushuka mmeze mate, mpige miayo. Mama mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe wakati huo.

Mimi mwenyewe iliwahi kunipata. Niliamka saa 9 usiku, pua zimeziba, kichwa kinagonga. Nikapiga simu: "Leo siko sawa kuruka." Upande wa pili kulikuwa na kimya, halafu mtu akashusha pumzi ndefu. Akaitwa rubani wa akiba. Ndege ilichelewa karibu saa nzima, abiria wakanung'unika, na mimi nikakosa posho ya safari ya siku ile. Lakini wote walifika. Hakuna aliyenipigia makofi, na sikutegemea. Nikanywa chai ya tangawizi nikalala.

Dawa. Hapa vijana wengi wanashangaa. Unaweza kuwa umepona mafua, lakini dawa ndiyo hatari. Vile vidonge vidogo vya mafua na mzio, kama Piriton, vinaleta usingizi na vinapunguza wepesi wa akili. Rubani haruhusiwi kuvimeza halafu akaruka. Dereva naye asimeze halafu akapanda pikipiki. Ukienda duka la dawa uliza maneno haya: "Hii inaleta usingizi?" Ni swali la bure.

Mawazo. Kuna siku mtu anakuja kazini, mwili upo, kichwa kimebaki nyumbani. Amefiwa. Ameachwa. Anadaiwa. Mtoto anaumwa. Mawazo hayaonekani kwenye kipimo cha damu, lakini yanakufanya usome kitu mara tatu bila kukielewa. Na sisi tumelelewa kuambiwa "jikaze". Marubani nao wanajikaza, wanaogopa kwamba wakisema watanyang'anywa leseni. Kwa sababu hiyo Ulaya ilitunga kanuni mwaka 2018 kwamba makampuni ya ndege yawe na utaratibu wa rubani mwenye shida kusikilizwa kwa siri na marubani wenzake. Sasa hapa Mzenga, nani anahitaji kanuni ya Ulaya kumsikiliza rafiki yake? Pale kijiweni mnajuana. Mwenzako akiwa kimya siku tatu, mvute pembeni umuulize. Na ukiona anazungumza habari za kutotaka kuishi, usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya au kwa mtu mzima mnayemwamini.

Pombe. Sheria ya Marekani inasema rubani asiruke ndani ya saa 8 baada ya kunywa, na makampuni mengi yameweka saa 12 au zaidi. Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu ini halina haraka. Bia moja ya nusu lita inaweza kuchukua saa 2 hadi 3 kutoka mwilini. Kahawa haiiharakishi, supu haiiharakishi, kuoga maji baridi kunakupa mlevi aliyeoga. Ukinywa bia nne ukamaliza saa 6 usiku, saa 12 asubuhi bado imo. Unaamka umenyooka, umevaa shati safi, lakini imo. Viroba vilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, ila pombe haikuondoka, na gongo haijui marufuku. Sikuja kuwahubiria. Nasema tu: uliyekunywa usiku, asubuhi acha funguo mahali.

Njaa, na kiu pia. Mtu mwenye njaa ana hasira na anaamua haraka. Kwenye ndege hewa ni kavu, ukingoja kiu umeshachelewa, kwa hiyo nakunywa maji kidogo kidogo siku nzima. Wengine hukataa kunywa wakiogopa kutafuta choo. Nawaelewa, hasa kina dada, lakini mkojo wa njano iliyokolea ni mwili unakulalamikia. Na kile kinywaji cha kuongeza nguvu, kaka zangu, hakileti nguvu. Kinauficha uchovu kwa muda, kikiisha unaangushwa mara moja.

VIKARATASI VYA KINA DADA

"Dada, mkiwa kwenye siku zenu mnarusha ndege?" Tunarusha. Hedhi si ugonjwa na haipunguzi akili. Kama tumbo linauma mpaka huwezi kunyooka, hilo linaingia kwenye swali la kwanza, ugonjwa. Kama umemeza dawa ya kulewesha, ni swali la pili. Kinyume cha hapo, twende kazini. Wavulana waliocheka pale nyuma, mwenye kuwarusha kwenda Mwanza siku moja anaweza kuwa dada yenu, na hamtajua.

"Rubani akipata mimba anafukuzwa?" Hapana, lakini anatakiwa kusema mapema na kupimwa na daktari wa anga. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linashauri kwamba mjamzito asiye na matatizo anaweza kuruhusiwa kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Kabla na baada ya hapo anapumzishwa kuruka. Hapo pia mnaona, anayeficha ndiye anayejiweka hatarini.

CHETI CHA AFYA

Kuna kikaratasi kinauliza kama ni kweli marubani hupimwa kila kitu. Karibu kila kitu. Kila baada ya miezi 12 rubani wa abiria anakwenda kwa daktari aliyeidhinishwa. Anapimwa macho, masikio, moyo, mkojo, shinikizo la damu. Anaonyeshwa kurasa zenye vidoa vya rangi, ndani yake kuna namba, aseme anaona namba gani, ili ijulikane kama anatofautisha nyekundu na kijani. Miwani hairuhusu kukata tamaa: ukivaa miwani ukaona vizuri, unaweza kuwa rubani, ila ubebe na ya akiba.

Na mwenye virusi vya UKIMWI? Huyu aliyeuliza aliandika kwa herufi ndogo sana. Ndugu yangu, nakujibu kwa sauti kubwa ili usijisikie uko peke yako. Kanuni za kimataifa hazisemi "hapana" moja kwa moja. Zinasema achunguzwe kwa undani na daktari, na ikionekana hali yake haitaathiri kazi, anaweza kupewa cheti. Anayetumia dawa zake vizuri na kupima mara kwa mara ana nafasi ya kuzungumza na daktari. Asiyepima hana cha kuzungumza. Kwa hiyo kapime, uanze dawa mapema kama unahitaji. Hilo ni kwa rubani, kwa fundi, kwa mkulima wa mihogo, kwa wote.

KUSEMA MBELE YA MKUBWA

Ndege yetu ina marubani wawili. Kapteni mara nyingi ni mtu mzima kuliko msaidizi wake. Sasa kwetu, mdogo humwambia mkubwa "umekosea"? Ni vigumu. Unajifunza kusema "shikamoo" kabla ya kujifunza kuhesabu. Lakini dunia ya ndege iligundua, baada ya ajali nyingi, kwamba mara nyingine msaidizi alikuwa ameliona kosa akanyamaza, au akasema kwa kuzungukazunguka. Tangu miaka ya 1980 marubani hufundishwa namna ya kusema. Si kutukana. Unataja unachokiona na unachotaka kifanyike: "Kapteni, kasi iko chini. Tuongeze nguvu." Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa mkazo. Na kapteni anafundishwa kuitika, "Asante, nimeona."

Nilipokuwa msaidizi, nilimwambia mzee mmoja mwenye mvi: "Kapteni, mvua iko kwenye njia ya kutua, mimi siioni njia. Tupande tena." Tukapanda, tukazunguka, mvua ikapita, tukatua. Tuliposimama chini aliniambia, "Mwanangu, siku usiposema ndiyo siku nitakayokukasirikia." Neno hilo naliheshimu mpaka leo.

Sasa, kwenye pikipiki rubani msaidizi ni nani? Ni abiria. Wewe uliyekaa nyuma una mdomo. Dereva ananuka pombe, usipande. Anasinzia, sema, "Kaka, simama kidogo tunywe maji." Anataka kupakia mshikaki, watu watatu na mtoto, shuka. Anakupa helmeti unaikataa kwa sababu ya nywele? Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha helmeti hupunguza hatari ya dereva au abiria wa pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nywele zinasukwa tena.

Na ninyi matajiri wa pikipiki mliokaa pale chini ya mwembe, naomba mnisikie kwa heshima. Kijana akikwambia "Mzee, leo siko sawa", usimjibu kwa hesabu. Siku moja bila hesabu ni hasara ndogo. Pikipiki iliyoingia chini ya lori la mkaa ni hasara ya chombo, ya kijana na ya abiria. Anayejua kwamba akisema ukweli atakosa kazi, atakudanganya, na atakudanganya akiwa barabarani.

"HUOGOPI?"

Kuogopa kupo. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Walikuwemo watu 43. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliowahi kwa mitumbwi kuwaokoa watu. Siku zilizofuata sisi tulirudi kazini, na nikipita Bukoba huwa nanyamaza kidogo moyoni. Siwezi kukaa hapa nikahukumu wenzangu. Ninachoweza ni kufanya sehemu yangu kila asubuhi: maswali sita, ukaguzi wa ndege, uwanja wa akiba, na kutoona aibu kugeuza. Abiria akifika Mwanza badala ya Bukoba atanilaumu. Anilaumu, lakini awe hai.

MNAOTAKA KUWA MARUBANI

Msikatishwe tamaa na umbali. Mnahitaji hesabu, fizikia na Kiingereza cha kueleweka kwenye redio. Mafunzo ni ghali, huo ndio ukweli, na wengi wetu tumesaidiwa na ukoo mzima, mkopo au ufadhili. Watanzania husomea hapa nchini na nje, na Soroti nchini Uganda kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Leseni ya kufanya kazi inahitaji kama saa 200 za kuruka, na leseni ya juu ya kapteni saa 1,500. Lakini tabia yenyewe haianzi chuoni. Mwanafunzi anayeweza kumwambia mwalimu "hapo sijaelewa" ameanza urubani leo.

Basi vijana, nimemaliza. Kesho asubuhi, wewe wa bodaboda, wewe wa lori, wewe unayekwenda shamba na panga kali, kabla hujaanza simama kidogo ujiulize: ugonjwa, dawa, mawazo, pombe, uchovu, njaa. Majibu yote yakiwa mazuri, nenda. Moja likiwa baya, sema kwa sauti: "Leo siko sawa." Na ukimsikia mwenzako anasema hivyo, usimcheke. Chukua abiria wake umpeleke, kesho atakuchukulia wako.

Sasa nani ana swali ambalo hakuliandika?